SPRINGI YA GARI NA UKOMO WA MZIGO

(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wajumbe wa Bodi za vyama vya msingi, katika semina ya utunzaji wa mali za ushirika. Inachapishwa kwa ombi la makatibu waliohudhuria.)



Nimeombwa nijibu swali ambalo baadhi ya vyama vya msingi vimelileta kwa maandishi: je, pikapu ya chama inayokokota tela na kupita njia mbovu za vijijini ifungwe springi za namna gani?

Naona baadhi yenu mnatabasamu. Mmezoea kuniona nimeinamia daftari la fedha, wala hamjapata kuniona nimelala chini ya gari. Swali hili laonekana kuwa la fundi. Hata hivyo nililipokea kwa moyo mmoja, kwa sababu ambayo sina budi kuwaeleza kwanza, ingawa hainipi sifa.

I. KWA NINI MKAGUZI ASEME JUU YA SPRINGI

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika wilaya nyingine, nilikagua hesabu za chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Miongoni mwa hati za malipo niliikuta moja ya kununua na kufunga springi za nyuma za pikapu, nene kuliko zile za kiwandani. Hati ilikuwa na sahihi zote zilizotakiwa. Stakabadhi ya muuzaji ilikuwapo. Muhtasari wa kikao ulisema kwamba springi zinanunuliwa ili gari lipate kubeba mzigo mkubwa zaidi. Niliyasoma maneno hayo, nikayaona ni ya kawaida, nikapiga muhuri na kufungua hati iliyofuata. Katika taarifa yangu sikuandika hata mstari mmoja juu yake.

Msimu wa mvua uliofuata, chama kile kilikuwa na magunia 300 ya mbolea ya kuchukua mjini. Zamani gari lilikuwa likiinama nyuma mara tu lilipozidishiwa mzigo, na dereva alikuwa akikataa kuondoka mpaka mengine yateremshwe. Kwa springi mpya gari lilisimama sawasawa. Basi wakapakia magunia 22 katika pikapu na magunia 18 katika tela, wakapiga hesabu kwamba safari 8 zitaimaliza kazi. Safari ya tatu haikufika. Katika mteremko wa kuelekea mtoni, juu ya udongo mwekundu uliolowa, gari lilikataa kutii usukani, tela likalisukuma kutoka nyuma, na vyote viwili vikaangukia korongoni. Dereva alitoka na majeraha. Kijana mpakiaji, aliyekuwa ameketi juu ya magunia, alivunjika mguu mahali pawili, na mpaka leo anachechemea. Magunia ya urea yalipasuka, mvua ikaiyeyusha mbolea, na ilikuwa ni mbolea ya wakulima waliokuwa wamekwisha kuilipia.

Fundi aliyelichunguza gari lile alituonyesha mambo matatu. Chasisi ilikuwa na ufa nyuma ya kabini, na kutu iliyokuwamo ndani ya ufa ilionyesha kuwa si wa siku ile. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamepunguziwa uzito, kwa hiyo hayakuweza kuishika ardhi vizuri. Na breki za nyuma zilikuwa zikifanya kazi kana kwamba gari ni tupu. Mambo yote matatu yalihusiana na zile springi ambazo mimi nilizipigia muhuri. Hesabu za chama kile zilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho, na kosa lilikuwa limeandikwa waziwazi katika muhtasari. Mimi nililisoma nikalipita.

Tangu siku ile nimejifunza kwa mafundi, na nimesoma vitabu vya magari kadiri ya uwezo wangu. Nitakayoyasema leo ni yale niliyoyahakikisha.

II. KAZI YA SPRINGI NI NINI

Springi hukaa kati ya ekseli na chasisi. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kuubeba uzito wa gari na mzigo. Ya pili ni kuliruhusu gurudumu kupanda na kushuka kwa kufuata ardhi, ili tairi lisiache kugusa njia. Gurudumu lililoko hewani haliwezi kusukuma gari, haliwezi kuligeuza, wala haliwezi kulisimamisha.

Kazi hizi mbili hushindana. Springi ngumu hubeba mzigo bila kubonyea sana, lakini juu ya njia mbovu hulirusha gurudumu. Springi laini huifuata ardhi vizuri, lakini mzigo ukizidi hubonyea mpaka ekseli ikagonga chasisi. Yeyote atakayewauzia springi na kuwaambia kwamba ni bora kwa kila jambo, mwulizeni amepatanisha vipi mambo haya mawili.

Mwingereza Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni inayosema kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoikandamiza. Tuchukue mfano. Tuseme springi za nyuma za pikapu yetu hubonyea sentimita 1 kwa kila kilo 100. Tukiweka kilo 1,000, gari litashuka sentimita 10. Sasa tufunge springi zenye ugumu maradufu, ambazo kwa kila kilo 100 hubonyea nusu sentimita tu. Tukiweka kilo 1,430, gari litashuka kama sentimita 7. Angalieni ajabu hii: mzigo umezidi kwa kilo 430, lakini gari limeinama kidogo kuliko lilivyoinama kwa mzigo wa halali!

Hapa ndipo penye shina la hotuba yangu. Kuinama kwa gari ni ushahidi. Kunamwambia dereva, na katibu, na hata mkulima anayepita njiani, kwamba mzigo umezidi. Kufunga springi ngumu na kuacha mambo mengine kama yalivyo ni kumziba shahidi mdomo.

Nanyi mnalijua jambo linalofanana na hili. Kila mwaka chama huomba ukomo wa madeni. Mkutano Mkuu huupitisha, na Mrajis huuidhinisha. Je, chama kikinunua kasha kubwa zaidi la fedha, ukomo wake wa madeni umeongezeka? Hapana. Vivyo hivyo gari lina ukomo wa mzigo, uliowekwa na mtengenezaji baada ya kuangalia ekseli, chasisi, breki, matairi na magurudumu, vyote kwa pamoja. Springi ni kimoja tu kati ya hivyo. Ukikiimarisha kimoja na kuviacha vingine, gari halijaongezewa nguvu. Umeuhamisha mzigo kutoka pale ulipoonekana kwenda mahali usipoonekana, nao utatokea kama ufa.

III. AINA ZA SPRINGI NA TOFAUTI ZAKE

Kwa pikapu, mtakutana na aina tatu.

Aina ya kwanza ni springi za mabapa, yaani vipande virefu vya chuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikafungwa pamoja katikati kwa boliti, na kushikwa kwenye ekseli kwa yuboliti. Hii ndiyo aina ya zamani na iliyoenea kuliko zote. Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948 ilikuwa nazo mbele na nyuma. Toyota Hilux, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, ina mabapa nyuma mpaka leo. Sifa zake ni nyingi. Springi hizi hubeba mzigo, na wakati huohuo huishika ekseli mahali pake, kwa hiyo hazihitaji vyuma vingi vya kuisaidia. Huugawa mzigo katika sehemu mbili za chasisi, mbele na nyuma ya ekseli. Bapa moja likivunjika, mara nyingi gari laweza kufika nyumbani polepole. Na fundi wa wilayani aweza kuzifungua na kuzifunga. Kasoro yake ni kwamba mabapa husuguana, hivyo springi huwa nzito kuitikia mashimo madogo, na matope na vumbi vikiingia kati yake, kutu huongezeka.

Aina ya pili ni koili, yaani chuma cha mviringo kilichozungushwa kama nyoka aliyejikunja. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa nazo kwa magurudumu yote manne, na Land Rover 110 ya mwaka 1983 ikafuata mfano huo. Land Cruiser ya pikapu tuionayo sana vijijini ilianza kuwa na koili mbele mwaka 1999, ikabaki na mabapa nyuma. Koili hazina msuguano, kwa hiyo gurudumu hupanda na kushuka kwa wepesi, na katika njia ya mawe gari hutulia. Lakini koili hujua kubeba tu, haijui kuishika ekseli. Ekseli hiyo huhitaji vyuma vingine vya kuizuia isiende mbele, nyuma wala kando, na kila chuma kina bushi yake ya kuchakaa. Na gari lenye mabapa haligeuzwi kuwa la koili katika karakana ya kawaida, hivyo msishawishiwe.

Aina ya tatu ni mifuko ya upepo. Hii ni mipira imara inayojazwa upepo na kuwekwa juu ya ekseli ili isaidie springi zilizopo. Faida yake ni kwamba upepo huongezwa tela linapofungwa na kupunguzwa linapofunguliwa. Lakini ina hatari mbili. Jiwe au mwiba waweza kuutoboa mfuko mbali na mji. Na mfuko mara nyingi huikandamiza chasisi mahali pamoja, katikati, tofauti na mabapa ambayo huugawa mzigo mbele na nyuma. Pikapu iliyojazwa upepo mwingi, ikabeba mzigo mzito nyuma ya ekseli na kupita mashimo kwa kasi, yaweza kupinda chasisi kati ya kabini na bodi.

Kuhusu mabapa, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Springi ya mabapa matano yanayolingana ikiongezwa bapa la sita lililo sawa na hayo, ugumu huongezeka kwa sehemu moja ya tano. Lakini mabapa yote yakiongezwa unene kwa robo tu, na urefu na upana ukabaki uleule, ugumu huongezeka karibu maradufu. Kwa hiyo msidanganyike mnapowekewa springi mbili mezani zinazoelekea kufanana. Tofauti ya milimita mbili za unene yaweza kuligeuza gari kuwa gari jingine.

Mpo pia msaada ulio wa busara zaidi, nao ni bapa saidizi. Hili hukaa bila kugusa kitu gari likiwa tupu au na mzigo mdogo. Mzigo ukiongezeka, springi hushuka na kuliegemea, ndipo ugumu unapoongezeka. Kwa namna hii gari lisilo na mzigo halirukiruki, na lenye mzigo wa halali halilali chini. Pikapu nyingi za kazi hutoka kiwandani zikiwa nalo. Kabla ya kununua kitu kipya, chungulieni kwanza chini ya gari lenu.

Na shokomzoba je? Shokomzoba haibebi mzigo. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko baada ya springi kubonyea na kurudi. Wako wanaolaumu springi kumbe shokomzoba imekwisha kumwaga mafuta yake yote.

IV. TELA

Ndugu zangu, wengi hudhani kwamba tela hujibeba lenyewe na gari huvuta tu. Si kweli. Kwa matela yetu ya ekseli moja, sehemu ya uzito hulala juu ya kiungo cha kukokotea. Yafaa iwe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela na mzigo wake. Ikiwa ndogo mno, tela huyumba barabarani kama mkia wa samaki. Ikiwa kubwa mno, hukandamiza nyuma ya gari.

Turudi kwenye tela la chama kile. Tela tupu lilikuwa na kilo 300. Magunia 18 ya kilo 50 ni kilo 900. Jumla kilo 1,200, na uzito juu ya kiungo kama kilo 120. Kiungo kilikuwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli ya nyuma na ya mbele palikuwa mita 3. Hapa gari huwa kama mzani wa kuning'iniza, na ekseli ya nyuma ndiyo kishikio chake. Zidisheni 120 kwa 1.2, mgawanye kwa 3, mtapata 48. Maana yake ni kwamba magurudumu ya mbele yalipunguziwa kilo 48, na ekseli ya nyuma ikabeba kilo 168, si 120. Magunia yaliyowekwa mwisho wa bodi, nyuma ya ekseli, yalifanya vivyo hivyo. Ndiyo sababu usukani ulikuwa mwepesi, na dereva, maskini, aliufurahia wepesi huo.

Hapa watu husema: basi springi ngumu italisimamisha gari sawasawa na kuurudisha uzito mbele. Hapana. Springi ngumu huinua bodi, lakini uzito hugawanyika kufuatana na mahali mzigo ulipo. Dawa yake ni kusogeza mzigo mbele ya ekseli na kupunguza mzigo. Hakuna dawa nyingine katika duka la springi.

Sasa sikieni habari ya breki. Pikapu nyingi, hasa zisizo mpya sana, zina kifaa kidogo chini ya bodi kinachogawa nguvu za breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kifaa hiki kina mkono unaoshikamana na ekseli. Bodi ikishuka, kifaa hujua kwamba mzigo ni mkubwa, nacho huyapa magurudumu ya nyuma nguvu zaidi. Bodi isiposhuka, hudhani gari ni tupu, na huyanyima magurudumu ya nyuma nguvu ili yasiteleze. Ukifunga springi ngumu au ndefu bila kukirekebisha kifaa hicho, umekidanganya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mteremkoni siku ile. Kilo 430 zimezidi, tela halina breki zake, mbele pamekuwa pepesi, na breki za nyuma zinaambiwa na springi kwamba gari ni tupu.

Aidha, kumbukeni kwamba pikapu nyingi hazikuruhusiwa na watengenezaji wao kukokota tela lisilo na breki zake likizidi kilo 750, tela na mzigo pamoja. Someni kitabu cha gari lenu. Kama kimepotea, kipatikane.

V. NJIA ZETU

Barabara kuu kutoka Songea kupitia Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni ya lami, na tunashukuru. Lakini mibuni haioti kando ya lami peke yake. Kahawa yetu hutoka kwenye vilima na mabonde, na gari la chama hupita njia za namna mbili kwa mwaka. Wakati wa mavuno ya kahawa ni kiangazi, vumbi limejaa na njia zimejikunja kama bati. Wakati wa kupeleka mbolea ni masika, udongo umelowa na unateleza.

Njia iliyojikunja kama bati huchosha chuma. Chuma hakivunjiki kwa siku moja. Huchoka kwa kukunjwa mara nyingi, kidogo kidogo, mpaka ufa uanze. Springi ngumu mno hupeleka pigo la kila tuta moja kwa moja kwenye chasisi, kwa sababu yenyewe imekataa kukunjika. Na wakati wa masika, gari lenye springi ngumu likirudi bila mzigo hurukaruka, gurudumu moja huning'inia hewani, na gari hukwama mahali ambapo gari la springi laini lingepita. Gari la chama husafiri bila mzigo karibu nusu ya safari zake zote. Springi iliyochaguliwa kwa siku ya mzigo mkubwa kuliko zote itawaadhibu siku nyingine zote.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: springi ichaguliwe kufuatana na mzigo wa siku nyingi, ndani ya ukomo wa gari. Chama ambacho gari lake limefungwa daima kitu kizito, kama tangi la maji au bodi ya chuma nzito, chaweza kwa haki kuhitaji springi zenye nguvu kidogo zaidi zilizotengenezwa kwa uzito huo. Chama ambacho gari lake huenda tupu na kurudi na mzigo wa kawaida kibaki na springi za kiwandani zikiwa nzima, pamoja na bapa saidizi. Na chama kinachokokota tela mara chache kwa msimu chaweza kufikiria mifuko ya upepo, mradi upepo uwe mdogo na mzigo usizidi ukomo.

VI. MZANI UKO OFISINI

Magari yanayofikia uzito wa kilo 3,500 hupimwa kwenye mizani ya barabara kuu. Pikapu nyingi haziufikii uzito huo kwa halali, hivyo hazipimwi na mtu. Lakini kila chama cha msingi kina mzani wake. Mkulima akileta kahawa tunaipima mbele ya macho yake, na kilo moja ikipotea kikao huitishwa. Je, mzani huohuo umepata kupima mzigo wa gari la mkulima huyohuyo?

Tuchukue pikapu yenye ukomo wa mzigo wa kilo 1,000. Katibu husema upesi: magunia 20 mara kilo 50 ni kilo 1,000, hesabu imetimia. Kumbe dereva na wapakiaji wawili wana kilo kama 210. Na kama kuna tela la jumla ya kilo 1,000 lenye breki zake, kiungo kitabeba kilo 100. Zilizobaki ni kilo 690, yaani magunia 13. Tela lenyewe, likiwa na kilo 300 likiwa tupu, litabeba magunia 14. Jumla magunia 27 kwa safari moja, na gari zima liko ndani ya ukomo wake, ikiwa kitabu chake kinaruhusu tela hilo.

Kwa magunia 300, hizo ni safari 12. Chama kile kilitaka safari 8. Tofauti ni safari 4. Nimezitafakari sana safari hizo nne. Mafuta yake yanajulikana, posho ya dereva inajulikana, vyote vingeingia katika hati moja ya malipo, nami ningeipitisha kwa dakika moja. Mguu wa kijana yule hauna hati.

VII. MAPENDEKEZO

Ndugu Makatibu, naomba myachukue haya na kuyafikisha kwenye Bodi zenu:

(a) Ukomo wa mzigo wa gari uandikwe kwa rangi ndani ya mlango wa kabini na katika ukurasa wa kwanza wa daftari la safari. Nao utolewe kwenye kibao cha mtengenezaji, usitolewe kwa muuza springi.

(b) Mzigo wa kila safari upimwe au uhesabiwe kwa kilo, watu na kiungo cha tela vikiwamo, na dereva atie sahihi. Dereva anayekataa kuzidisha mzigo asilaumiwe, maana analinda mali ya wanachama.

(c) Ombi lolote la kununua springi lieleze sababu kwa kilo. Sababu ikiwa ni kubeba zaidi ya ukomo, likataliwe hapohapo.

(d) Springi zibadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto pamoja. Iliyovunjika isichomelewe, maana moto huondoa ugumu uliopewa chuma hicho kiwandani.

(e) Baada ya kufunga springi mpya, yuboliti zikazwe tena gari likiisha kutembea kilomita chache, na kifaa cha kugawa breki kirekebishwe. Mambo haya mawili yaandikwe katika hati ya fundi.

(f) Kila mwezi gari lisimamishwe mahali tambarare na litazamwe. Likiegemea upande mmoja, bapa limevunjika au limechoka. Chasisi isafishwe na kuchunguzwa nyuma ya kabini na palipofungwa springi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni ufa kweli.

(g) Mtu yeyote asipande juu ya mzigo. Kama hakuna nafasi kabinini, asubiri safari nyingine.

(h) Mteremko ukiwa mkali na njia imelowa, tela liachwe juu na mzigo uteremshwe kwa mafungu.

Nasi wakaguzi tumejifunza. Siku hizi nikiikuta hati ya springi, huomba nionyeshwe gari. Huinama, hutazama chini, huuliza uzito. Makatibu wengine huona kwamba nimevuka mpaka wa kazi yangu. Mimi naona kwamba nimechelewa kuufikia.

Wahenga pia walisema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Ni methali ya kumsifu mchukuzi hodari. Lakini hata mchukuzi hodari aliuinua mzigo kwanza, akaupima kwa bega lake, ndipo akakubali safari. Gari halina bega la kusemea. Lilikuwa na springi za kuinama, ziwe sauti yake. Tusiinyamazishe.

Mwenye swali na aulize, na mwenye gari hapo nje twende tukalitazame pamoja kabla ya chakula cha mchana.